Makopa ya Chumba Namba Kumi na Saba

Kosa kubwa kuliko yote ya maisha yangu nililifanya nikiwa nimekaa. Wenzangu walioharibu mambo waliharibu wakiwa safarini, wakiwa wamelewa, au wakikimbizana na wake za watu. Mimi niliharibu nikiwa kwenye kiti, barazani kwa shangazi yangu, miguu nimeinyoosha, sahani mapajani. Niliambiwa nikihesabu kiwanja kwa siku saba. Nikakihesabu. Nikaandika, kwa mwandiko mzuri wa kulala niliofundishwa shuleni, kwamba kiwanja hakina kitu. Na kwa kuwa nilikuwa na darasa la kumi, na hapa Nachingwea wakati ule mtu wa darasa la kumi hata akikohoa watu walidhani ametoa hoja, wakaniamini.

Nayasema haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Bi Somoe, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikufa mzee sana, meno yameisha, maneno bado anayo. Msibani alikuja binti yake Zuhura kutoka Nandagala, naye sasa ni bibi wa watu, kichwa cheupe chini ya kanga. Nilipopenya kwenye jamvi la wanawake kumpa pole akainua uso. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani, kisha akasema, "Karani. Bado upo hapo hapo?" Nikasema nipo. Maana kweli nipo. Nimezaliwa na miguu kama ya watu wengine lakini sikuitumia sana. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Zuhura hakucheka. Uliletwa ugali, nikamega matonge mawili, nikanawa. Nikarudi nyumbani nikakaa, na hasira niliyodhani imezeeka pamoja nami nikaikuta ina nguvu zake zote, mimi ndiye niliyebaki na mkongojo.

Kiwanja chenyewe kilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba ya shangazi yangu, Bi Fatu. Walikijenga wazungu wa karanga, wale waliokuja na matingatinga wakang'oa pori lote wapande karanga, mpaka ndege wakakosa pa kutua, kisha baada ya miaka michache wakafungasha. Walituachia mabati, mapipa, mikanda ya mpira iliyogeuka kuwa ndala, na viti vya malori. Kiti nilichofanyia kosa langu kilikuwa kiti cha lori, cha ngozi nyeusi, springi moja imetokeza upande wa kushoto, hivyo nimekaa kwa kuegemea kulia mpaka leo. Lakini kitu cha maana walichotuachia ni kile kiwanja: zege tupu, pana, limeinuka kidogo kutoka ardhini, limegawanywa miraba thelathini kwa rangi ya njano, kila mraba na namba yake. Malori yalipoondoka miraba ikabaki. Nyasi zikaota kwenye nyufa, mafuta yakakauka, mvua ya masika mbili tatu ikalisafisha zege mpaka likawa jeupe kama mfupa. Wanawake wakalitazama. Wanawake wa kwetu hawaoni kitu tambarare na kikavu wakakiacha hivi hivi.

Asiyejua makopa lazima nimweleze, maana siku hizi wapo watoto wetu wanaodhani unga huzaliwa ndani ya mfuko. Mihogo ikishang'olewa, hasa ile michungu, humenywa, hupasuliwa, huanikwa juani mpaka ikauke kau, ndiyo makopa. Ukiyatia kwenye dari juu ya moshi wa jiko yanakaa mpaka masika, wakati ghala za mahindi zimebaki harufu na mtu anahesabu siku za kufika kunde mbichi. Asiye na makopa masika huyo hana nyumba, ana paa tu. Lakini makopa yanataka uso mgumu wa kuanikia. Chini kwenye udongo mchwa wanakutangulia. Kwenye mkeka yanaenea machache. Juu ya paa la nyasi yanaota ukungu mweusi, ukila unaumwa. Kwenye lile zege siku nne zilitosha. Linapata moto juu na chini kama kaango. Basi wanawake wakajigawia miraba, wakaiita vyumba. Hii ilikuwa desturi yenye sheria kuliko mahakama. Mama alimrithisha binti chumba siku ya kuolewa. Mgeni kutoka Lionja aliomba chumba kwa wiki, akaacha kikapu cha choroko kwa mwenyewe. Wanawake ambao hawakujua herufi hata moja walijua namba zao kwa umbo. "Mimi ni huyu mwenye fimbo na jembe," alisema Bi Somoe, akimaanisha moja na saba. Chumba namba kumi na saba kilikuwa katikati kabisa, hakuna kivuli asubuhi wala jioni. Alikipata kwa kugombana, nami nilimsikia akigombana, nikiwa ndani.

Mimi nilikuwa ndani karibu saa zote. Mwaka wa lile kosa nilikuwa nimerudi kutoka shule nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa, si kwa kukosa akili wala karo, ila bweni lilinishinda. Nililala miezi mingi nikiota jiko la shangazi yangu, mpaka nikaona ni afadhali kuamka humo humo. Chumba nilichopewa kilikuwa cha uani, kina dirisha dogo linalotazama jiko, na kupitia dirisha hilo nilijua habari zote za mji bila kuvaa viatu. Bi Somoe alikuja kila alasiri kumtembelea shangazi. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu, ana sauti ya kuita watu walio mbali hata akisema na mtu wa mbele yake. Mwanawe wa kiume alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, na barua za kwenda kwake niliandika mimi. Malipo yangu yalikuwa unga. Kila barua, kapu dogo la unga wa makopa, alilokabidhi kwa shangazi, si kwangu, akisema, "Mpikie njomba karani wako, aache kukonda. Kuandika ni kazi nzito, naona inamlaza mchana kutwa." Njomba, yaani mjomba, tunaitana hivyo kusini hata kama hatuna undugu. Kwake lilikuwa neno la heshima lenye mwiba ndani.

Baraza la mji likaamua kukitengeneza kiwanja. Kilikuwa kimechakaa, walisema, na mji unaotaka kuitwa mji lazima uwe na mahali pa kuweka magari. Magari ya mji yalikuwa matatu, moja likiwa juu ya mawe. Katibu wa Baraza akaniita. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, kaptura yake imepigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Akanionyesha chumba kidogo chenye meza na dirisha, akasema nikifanya kazi vizuri chumba hiki ni changu. Nikifanya vibaya, nafasi nyingine ya karani iko Liwale. Nilipima kwa macho. Kutoka dirisha lile nyumba ya shangazi ilionekana, hata moshi wa jiko. Liwale haikuonekana.

"Unajua kuhesabu?" akaniuliza.

"Najua, bwana."

"Basi kaa kiwanjani siku saba, toka asubuhi hadi jioni. Magari mangapi, watu wangapi, na matumizi mengine kama yapo. Andika unachokiona. Usibuni."

Sikubuni. Hiyo ndiyo balaa yenyewe.

Ulikuwa mwezi wa tatu, masika imekaza, mvua inapiga mabati kama watu wanamwaga kokoto. Kukaa kiwanjani kwenye mvua ile hakukuniingia akilini, na barazani kwa shangazi kiwanja kilionekana, angalau nusu yake. Nikakiburuta kiti changu cha lori, nikaweka karatasi juu ya ubao, nikaanza kazi. Siku ya kwanza aliyepita alikuwa mtu mmoja aliyejifunika gunia. Nikaandika mmoja. Shangazi akatoka na sahani.

"Unahesabu au unaota?"

"Nahesabu, Shangazi."

"Wamefika wangapi mpaka sasa?"

"Hakuna."

"Kazi nzuri hiyo," akasema. "Kuhesabu hakuna. Kula, usije ukachoka."

Ugali ule nauona mpaka leo: wa kijivu, unavutika, una harufu ya jua ambayo ugali wa mahindi hauijui, na pembeni kisamvu kilichopondwa na karanga. Siku ya tatu Bi Somoe alipita mbio, kapu kalifunika kwa kanga lisilowe. Akasimama chini ya upenu wetu, maji yanamchuruzika usoni.

"Hee, njomba karani! Leo kuna nini mpaka umetoka nje?"

"Kazi ya Baraza, Bi Somoe."

"Ya kukaa?"

"Ya kuhesabu kiwanja."

Akageuka akakitazama kiwanja, kimejaa maji, vyura wanaitana. Akanitazama mimi. "Na kinafika kingapi?" akasema, akacheka, akaingia ndani kumpa shangazi kapu. Nami nikarudi kwenye karatasi. Kulikuwa na safu nne, na ya mwisho iliandikwa Matumizi Mengine. Nikaandika humo Hakuna, herufi ya kwanza nikaipinda shingo kama bata. Siku saba, Hakuna saba. Na hapa ndipo ninapotaka kujipiga kofi, mzee mzima. Si kwamba sikujua. Tangu zege liachwe, kila kiangazi nilipita kando ya yale makopa, nikafukuzwa na wenyewe nisiyakanyage. Lakini shule ilinifundisha kujibu swali lililoulizwa, na swali lilikuwa la siku saba za mwezi wa tatu. Mtu asiyejua kusoma angeulizwa kiwanja kina kazi gani angecheka, angesema, njoo mwezi wa nane. Ilibidi usome miaka kumi ndipo uweze kutojua jambo unalolijua.

Kazi ilianza mvua zilipokatika. Vibarua waliziba nyufa, wakang'oa nyasi, wakachimba mashimo ya nguzo za uzio. Na wanawake, Mungu awarehemu, walifurahi. Walidhani wanatengenezewa wao. Kwa nini wasidhani hivyo? Ni nani mwingine aliyekuwa akikitumia? Walibeba kokoto za mashimo kwa karai bila kuitwa, wakapiga vigelegele, na Katibu akawapungia mkono akidhani wanaishangilia Serikali. Bi Somoe akaja kwenye ua wetu akaegemea nguzo ya jiko.

"Njomba, wewe unakaa na wakubwa. Tuanike wapi wakati huu?"

"Subirini kidogo," nikasema. "Wakimaliza kitakuwa laini kama sahani."

Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Nilisema kwa sababu nilikuwa nataka kunywa uji wangu kwa amani.

"Mihogo yangu nguruwe wameanza kuijua njia," akasema, sasa akimwambia shangazi. "Na kaka yangu wa Nandagala kanitumia habari mara mbili. Anasema nikishindwa kumlisha Zuhura masika haya nimpeleke kwake. Najua kwa nini anamtaka. Kuna mzee huko ameshamtazama, ana wake wawili na mashamba ya ufuta. Mtoto ana miaka kumi na mitano, Fatu. Katoka unyagoni juzi tu. Namtaka akae nami mwaka mmoja, miwili, achague mtu wa kucheka naye kidogo. Dari likijaa, Zuhura habanduki. Likiwa tupu, kaka atakuja na maneno yake na mimi sitakuwa na la kumjibu."

"Litajaa," shangazi akasema. "Karani kasema usubiri."

Basi akasubiri. Wengine waling'oa mihogo kidogo kidogo, wakaanika kwenye mikeka, wakagombana na kuku na mchwa. Bi Somoe akaiacha yake ardhini kwa neno langu. Mwezi wa nane ukaisha. Wa tisa ukaingia na joto lake. Yakaletwa mapipa ya lami yaliyobaki tangu enzi za karanga, yakawashiwa moto, mji mzima ukanuka. Nilimsikia fundi, mzee wa Kimakua mwenye nyusi zilizoungua, akimwambia Katibu kwamba lami lazima ifunikwe kokoto na kushindiliwa, la sivyo jua la mwezi wa kumi litaipika upya. Katibu akasema kokoto zimechelewa na siku ya ufunguzi haichelewi. Wamwage mchanga kidogo. Wakamwaga kidogo. Zege letu jeupe likawa jeusi, linang'aa, na watu wakasifia jinsi linavyong'aa. Wakachora mistari myeupe na namba mpya, wakianzia upande wa pili, hivyo kumi na saba ikahamia penye kumi na nne ya zamani.

Siku mbili kabla ya ufunguzi nilikaa uani kwa Bi Somoe tukimenya mihogo. Kukaa na kumenya ni kazi iliyonifaa. Shamba lote alikuwa ameling'oa kwa mpigo, maana nguruwe hawakuwa na subira kama yeye, na vuli ilikuwa inanusa. Mihogo ilikuwa milima, myeupe huku na myeupe kule, na sisi watu watatu katikati na visu. Zuhura alikuwa akimenya upesi kuliko sote na kunicheka namna ninavyoshika kisu.

"Karani anaandika muhogo," akasema. "Mama, tazama, anauandikia barua."

"Mwache," mamaye akasema. "Huyu ndiye aliyetuombea kiwanja."

Sikukanusha. Nilimenya muhogo ule taratibu sana, nikautia kwenye kapu.

Ufunguzi ulikuwa Alhamisi. Hotuba, soda, magari matatu yakapangwa kwenye mistari, lile bovu likisukumwa na wafungwa. Ijumaa alfajiri wanawake wakaingia kwa pengo la uzio ambalo halikuwa na lango bado. Bi Somoe akazunguka na kapu kichwani, akimtafuta mwenye fimbo na jembe mahali alipomzoea, hayupo. Akaniita kutoka barabarani kwa ile sauti yake. Nikatoka, na shuka kiunoni, nikavuka barabara, nikamwonyesha kwa kidole. "Ile pale, Bi Somoe." Nilimwonyesha mimi. Akaanika mihogo yake yote, vipande vimelala kwa mistari kama watu wanaoswali, akaninong'oneza, "Kweli ni laini." Asubuhi bado kulikuwa na baridi kidogo.

Saa sita shangazi akauliza nini kinaungua jikoni. Hakikuwa jikoni. Nilipotoka nikawaona wanawake wameinama kiwanjani wote, wanavuta. Lami ilikuwa imelegea kama asali. Kipande ukikiinua kinakuja na kamba nyeusi inayonyumbuka, au nusu inabaki; sauti yake ni ya kitu kinachochanwa polepole. Upande wa chini wa kila kipande mweusi, na harufu imeingia mpaka moyoni mwa muhogo. Bi Somoe alikuwa amepiga magoti, viganja vyeusi, anainua kimoja kimoja, ananusa, anaweka chini. Zuhura alisimama nyuma yake, na nyayo zake zimeacha alama kwenye lami.

Katibu akaja na matarishi wawili na makoleo. Alikuwa amekasirika kweli, kama mtu aliyekuta mbuzi kitandani kwake. Kiwanja kipya, akasema, kiwanja cha magari, nani kawaambia waweke takataka humu?

Bi Somoe akasimama. "Bwana, hapa ndipo tunapoanika. Tangu wazungu waondoke."

"Nani anaanika?"

"Sisi. Kila mwaka. Hiki ni chumba changu."

"Chumba?" Akawacheka. Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi ninayoijua, akanitafuta kwa macho kwenye kundi la watu. "Karani, njoo usome. Wasikie Baraza liliangalia kabla ya kujenga."

Ningeweza kusema sina miwani. Ningeweza kuanguka, kwani kuanguka ni kazi gani? Nikaichukua nikasoma. "Siku ya kwanza. Magari, hakuna. Watu, mmoja, anapita. Matumizi mengine, hakuna. Siku ya pili. Magari, hakuna." Nikazisoma siku zote saba, kwa sauti nzuri ya shule, nikituama penye nukta. Kufika ya tano wanawake wakaacha kuvuta vipande vyao. Mmoja wa nyuma akauliza, "Nani kaandika maneno hayo?"

"Yameandikwa," Katibu akasema.

Nami nikaikunja karatasi. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimesikia maneno mengi maovu, lakini sijasikia ovu kama lile. Yameandikwa. Kana kwamba yaliota kwenye karatasi kama ukungu. Watu wananiambia nimsamehe yule Katibu, alishakufa, alikuwa mtu wa kazi yake. Simsamehe. Angeweza kuuliza wanawake kumi kwa muda wa kuvuta sigara moja; akamtuma kijana mvivu na karatasi, kisha akaiamini karatasi kuliko mihogo iliyokuwa miguuni pake. Na wajumbe wa Baraza siwasamehe, watu wazima, wote wamelelewa kwa ugali wa makopa, wote wana wake na mama zao waliokuwa na vyumba pale, wakainua mikono kupitisha. Hakuna hata mmoja aliyesema, ngoja, nyumbani kwangu tunaanika wapi? Wakishaingia kwenye kile chumba cha mikutano wakakaa, walisahau wamekula nini. Na mimi? Mimi nilikuwa na hofu ya Liwale. Makoleo yakapita. Makopa yaliyoshika sana yakakwanguliwa pamoja na lami, yakatupwa kwenye shimo la nguzo.

Bi Somoe aliokoa makapu matatu kati ya kumi na mawili. Wiki nzima nilisikia kutoka dirishani kisu chake kikikwangua weusi. Alichokwangua kikabaki kama vidole. Walipojaribu kupika, ugali ulinuka mapipa, na Zuhura akatapika. Kapu la shangazi lilikoma kuja, na barua nilizoandika nikaandika bure, ingawa hakuna aliyeniambia. Mvua zilipoanza, mama na binti walikuwa wakienda porini na jembe kuchimba ming'oko, wanatoka alfajiri wanarudi alasiri na mizizi ya kushiba mtu mmoja, mikono imechubuka. Shangazi alipeleka mahindi, naye hakuwa nayo mengi. Kisha kaka wa Nandagala akaja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda uani, akaomba aonyeshwe dari. Nilimsikia Bi Somoe akisema, "Panda uangalie." Nilimsikia akipanda. Hakukaa juu sana.

Zuhura aliondoka Jumatatu, na lori la Ruangwa. Lilikuwa ndilo gari pekee lililokuwa likitumia kiwanja sawasawa, na dereva wake, mtu mwenye nidhamu, aliliegesha ndani ya mistari, kwenye kumi na saba. Nilikuwa barazani. Binti alipanda juu ya magunia na kifurushi chake, akakaa akiwa ameipa nyumba mgongo. Mama alisimama kando ya gurudumu, ameshika ubao wa lori kwa mkono mmoja mpaka lilipoanza kwenda, akatembea nalo hatua kadhaa, akauachia. Kabla mvua hazijakatika tukasikia ameolewa na yule mzee wa ufuta. Mimi wakati huo nilikuwa na meza yangu na dirisha langu, natazama moshi wa jiko la shangazi. Lami nayo haikumaliza hata hiyo masika. Maji yaliingia chini yake, ikabanduka vipande kama ngozi ya mgonjwa, na lori la Ruangwa likaanza kuegeshwa barabarani.

Siku chache baada ya Zuhura kuondoka nilivaa viatu nikaenda kwa Bi Somoe. Ni hatua kumi na nne, na sijawahi kusafiri mbali kama siku ile. Alikuwa uani peke yake, ameketi chini, kapu la mwisho kati ya miguu, anakwangua. Nikakaa mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, ya darasa la kumi, lakini nilisema tu kwamba ile karatasi niliyoisoma kiwanjani niliiandika mimi. Kisu hakikusimama. Alimaliza kipande alichokuwa nacho, akakinusa, akakitupa kwa kuku, ndipo akanitazama.

"Najua ni wewe," akasema. "Siku zote saba nilikuwa nakuona kwenye kiti chako, sahani mapajani. Huo ugali uliokuwa unakula, ulidhani makopa yake yalikaukia wapi?"